Loi, Umekula?

Hivi wewe unayenisikiliza, umewahi kumpenda mtu kwa masikio kabla macho hayajamwona? Usicheke. Jambo hilo lilimpata Augustino, mchana kweupe, soko la Majengo pale Dodoma mjini, katikati ya akina mama wanaogombania nyanya.

Ilikuwa mwezi wa pili, msimu wa zabibu. Mjukuu wangu Loisi alikuwa ameleta kreti tano kutoka shamba la baba yake, Elieza, huku kwetu Buigiri. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano, limemkaa kiunoni vizuri, na raba za bluu kwa ajili ya tope. Sikioni alikuwa na hereni moja tu. Ya pili ilidondokea kwenye bajaji asubuhi na hakuwa na habari. Alikuwa anaita wateja. Sauti yake, namshukuru Mungu aliyempa, huanza chini, nzito kidogo kama ya mtu aliyetoka kuamka, halafu hupanda mwishoni kana kwamba anakuuliza jambo.

Augustino alikuwa amekuja kununua waya wa umeme. Aliposikia ile sauti alisimama, akafumba macho, watu wakawa wanampiga vikumbo.

"Kaka, umesinzia au unasali?" Loisi akamuuliza.

"Nasikiliza."

"Zabibu haziongei."

"Zako zinaongea. Hebu dada, sema hivi: 'Usipige risasi, huyo ni ndugu yangu.'"

Loisi akaangalia kulia na kushoto. "Mama zangu, nisaidieni, huyu ametoroka hospitali."

"Sema tu, nakuomba. Mara moja."

"Kwanza kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi. Wa Urambo."

Basi Loisi akapiga makofi, akamsalimia kwa Kigogo. "Ahaa! Kumbe mtani! Mbukwenyi, mtani wangu! Njoo ubebe hii kreti, umpelekee yule mama wa juisi. Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe utashindwa na zabibu?"

"Na babu zako waliwatoza babu zangu hongo kwenye kila kisima cha Ugogo," akajibu Augustino, huku tayari anainama. "Sasa nitajie hongo yako nijue kama napita."

"Kreti tatu."

"Za kubeba?"

"Ulidhani za kula?"

Alizibeba zote tatu. Shati lake jeupe la mikono mirefu, alilopiga pasi mpaka mikunjo ikasimama kama kisu, likapata madoa ya zambarau kifuani. Mpaka leo analo na hataki lifuliwe kwa dawa. Aliporudi anahema, Loisi akamtazama vizuri: kijana mrefu, shingo nyembamba, macho ya upole. Akainamia sikio lake akasema polepole, "Usipige risasi, huyo ni ndugu yangu."

Augustino alinisimulia mwenyewe kwamba siku hiyo aliondoka sokoni bila ule waya wa umeme.

Kazi yake ilikuwa kutia Kiswahili kwenye filamu za nje. Unaijua kazi hiyo? Wazungu au Wakorea wanaongea yao, na mtu mmoja amekaa chumbani anawasemea wote. Augustino alikuwa na sauti ishirini. Ya mzee, ya mlevi, ya polisi mwenye mafua. Kilichomshinda ni sauti ya mwanamke. Akijaribu, anabana pua, na wateja wanacheka pale penye kilio.

Ndivyo Loisi alivyoanza kwenda Chang'ombe, kwenye chumba cha Joha. Joha ni mama wa Kondoa, mnene, mcheshi, ushungi wake siku zote wa zambarau, na ndiye mwenye mashine. Ukutani alikuwa amebandika trei za mayai kutoka chini mpaka darini ili mwangwi ufe, na mlangoni godoro. Feni inazimwa wakati wa kurekodi kwa sababu inanguruma. Bajaji ikipita, wanasimama, wanafutana jasho, wanaanza upya. Nawaambia vijana, mapenzi yaliyoota kwenye joto lile yana mizizi.

"Mtani, leo nakutongoza mara nne," Augustino alikuwa akisema, huku anasoma karatasi zake. "Mara mbili kama jambazi, mara moja kama padri bandia, na mara moja kama mimi."

"Ya nne sijaiona kwenye karatasi."

"Hiyo naifahamu kwa kichwa."

"Joha, msikie mpagazi wako!"

"Nawasikia," Joha akajibu, "na mashine nayo inawasikia. Semeni ya kwenye filamu."

Kila siku, saa saba kamili mchana, simu ya Loisi ililia. Alikuwa ni Elieza, mwanangu. Elieza hakujua kuanza na salamu. Alikuwa na kikohozi kifupi kilichokata maneno yake katikati, tangu utotoni alipougua kifua. "Loi," kikohozi, "umekula?" Basi. Ndiyo ilikuwa hujambo yake, ndiyo nakupenda yake. Mama yake Loisi alifariki mtoto akiwa na miaka mitano, na Elieza akamlea kwa maneno hayo mawili.

Augustino akazoea kuipokea simu ile.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mpagazi. Mwanangu amekula?"

"Amekula, baba. Amekula na changu."

"Vizuri. Hiyo ndiyo hongo yenyewe."

Mwezi wa nne ikafika zamu ya filamu moja ya ujambazi, ile yenye maneno ya risasi aliyoyaomba sokoni. Marafiki wawili waliokulia mtaa mmoja wanaiba benki. Mmoja anakamatwa, anakataa kumtaja mwenzake, anafungwa miaka minane. Aliyebaki nje anaona aibu, haendi kumtazama gerezani hata siku moja, na ile aibu inageuka chuki. Katikati yao yupo dada wa yule aliyebaki, ambaye mfungwa alimpenda. Augustino akawapa majina ya kwetu, maana watu hawawezi kumlilia jambazi wasiyeweza kumtamka. Mfungwa akawa Masalu, mwenzake Chilewa, dada mtu Nyamizi. Polisi wakiwafukuza, Augustino anapiga kelele, "Wamekata kona ya Bahi, wameingia kwenye majaruba ya mpunga!" ilhali kwenye kioo kuna theluji.

Kufika mwezi wa sita walikuwa wameifanya yote isipokuwa mwisho. Mwishoni Masalu ametoka gerezani, anakuja kugonga mlango wa Chilewa, na Nyamizi ndiye anayefungua. Nyamizi anasema maneno machache. Wakapanga waimalize Jumatatu.

Jumapili Elieza alianguka shambani, kati ya mizabibu, mkasi wa kukatia bado mkononi. Presha. Hatukuwahi hata kufika naye hospitali, Chamwino.

Nataka uelewe desturi yetu, maana bila hiyo utamhukumu Augustino kama alivyohukumiwa. Kwenye msiba, mtani ana kazi. Sisi tunalia, yeye anatuchekesha ili tusife na marehemu. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka wafiwa wacheke na machozi yao. Siku ile watani wazee walikuwepo, lakini wakamwambia Augustino, "Wewe ndiye fundi wa sauti. Fanya." Akasita. Wakamvisha koti la Elieza la kahawia na kofia yake ya pama.

Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, wanawake, mimi nimeegemea ukuta. Tulikuwa tumetoka makaburini. Akatokea nyuma ya nyumba. Hatua zilikuwa za Elieza, bega la kushoto limeshuka kidogo. Akasimama mlangoni, akakohoa kile kikohozi.

"Loi," akasema, "umekula?"

Watani wengine huiga. Yule hakuiga. Ilikuwa ni sauti ya mwanangu, na pumzi zake.

Mimi nikaanguka. Nilianguka kwa uso, nikapasuka hapa juu ya jicho, damu ikatoka. Wanawake wakapiga yowe. Loisi, akiwa na kanga nyeusi mabegani, akanirukia, akainua kichwa changu, kisha akamtazama Augustino.

"Umemuua na bibi yangu!"

"Loi, mimi—"

"Usiniite hivyo. Aliyekuwa ananiita hivyo tumemzika leo. Vua koti la baba yangu uondoke."

Akalivua. Akalikunja vizuri, akaiweka kofia juu yake, kwenye kigoda, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara kuu bila kuaga mtu.

Alipiga simu siku ya tatu, ya nne, ya kumi. Loisi aliacha mjini, akabaki nami Buigiri kuangalia mizabibu. Simu ikilia aliigeuza kifudifudi kwenye meza. Mara moja tu aliipokea.

"Loisi. Bibi anaendeleaje?"

Loisi akatoka na simu mpaka uani.

"Niambie hilo moja tu."

"Kidonda kimepona," akasema, akakata. Halafu alienda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Nilimwona. Nilikuwa na neno la kumwambia, na sikulisema. Nitakuambia kwa nini.

Miezi minane ikapita, zabibu zikaiva tena. Jumamosi moja Loisi alienda Chamwino kusukwa kwa Anitha. Saluni ya Anitha ina viti viwili na runinga kubwa kuliko dirisha. Wanawake wanne walikuwa ndani, na kwenye runinga Masalu na Chilewa wakigawana hela ndani ya gari bovu.

"Hii ndiyo nzuri," akasema mmoja. "Ngoja umwone Nyamizi. Huyo dada ana sauti, mpaka mume wangu alifunga bomba jikoni asikilize."

Loisi aliinamisha kichwa, mikono ya Anitha ikienda. Akajisikia mwenyewe kwenye runinga, akiomba, akicheka, akisema usipige risasi. Akamsikia Augustino akimjibu. Alijua, baada ya kila sentensi, ni wapi bajaji ilipita wakasimama. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa filamu ilipofika mwisho. Masalu anagonga mlango. "Nimekuja," anasema kwa sauti ya Augustino. "Kama hunitaki, niambie niondoke." Mlango unafunguka. Nyamizi anamtazama, midomo yake inacheza.

Hakuna sauti.

Midomo inacheza, inacheza, machozi yanamtoka, na hakuna neno. Kisha Masalu anaingia ndani, na filamu inaisha.

"Anitha, flashi yako mbovu hii!"

"Siyo mbovu. Wote waliochukua wanalalamika hivyohivyo. Nilimpigia yule mama wa Chang'ombe, Joha. Anasema alimwambia kijana wake amuweke msichana mwingine, Jenifa sijui, kijana akagoma kabisa. Eti ile nafasi ina mwenyewe. Joha kaitoa hivyohivyo, wateja wamemchosha. Wewe! Unakwenda wapi? Sijamaliza!"

Loisi alikuwa ameshasimama.

Alifika nyumbani kwa bodaboda, upande mmoja misuko, upande mwingine nywele zimesimama kama jogoo aliyepigwa. Nilikuwa napepeta uwele uani. Nilitaka kucheka, nikauona uso wake. Akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake zuri, akanisimulia yote.

"Bibi, ameniachia nafasi," akasema. "Kazi yake yote ameiharibu ili aniachie nafasi. Lakini nitamsameheje? Nilikuona umelala pale na damu."

Nikaweka ungo chini.

"Loisi. Sikuanguka kwa uchungu."

"Bibi?"

"Nilisikia sauti ya baba yako mlangoni, nikasahau. Kwa muda kama wa kupepesa jicho, nilisahau kwamba tumetoka kumzika. Nikainuka haraka nikamtolee maji ya kunawa, amechoka kutoka shambani. Kanga ikanikamata miguu. Ndiyo nikaanguka. Nilianguka kwa furaha, mjukuu wangu."

Akaliangalia kovu juu ya jicho langu. Kuku walishaanza kuudonoa ule uwele na hakuna aliyewafukuza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama gani anasahau kifo cha mwanawe siku ya kumzika? Niliona aibu. Kila ulipoigeuza ile simu, nilisema nitamwambia kesho. Kesho zikawa miezi minane. Nisamehe. Kijana yule alinipa zawadi, nami nikakuacha umfukuze nayo."

Nilidhani atanikasirikia. Akanishika mikono yote miwili, yenye pumba, akaibusu.

Asubuhi yake alipanda gari la mjini akiwa amefunga kitambaa kichwani. Chang'ombe alimkuta Joha mlangoni anakunywa chai.

"Aa! Marehemu kafufuka!" Joha akasema. "Ingia. Yuko ndani na mashine zake. Siku hizi hata mlevi wake hachekeshi."

Augustino alikuwa amevaa vipokea sauti masikioni, mgongo umeelekea mlango, amekonda. Loisi hakumwita. Alizima feni mwenyewe. Augustino akageuka, akamwona, akainuka, waya wa vile vipokea sauti ukamrudisha kitini.

"Weka ule mwisho," Loisi akasema.

Akaweka. Masalu akagonga mlango. Augustino akayasema maneno yake upya, taratibu, kwenye maiki: "Nimekuja. Kama hunitaki, niambie niondoke."

Kwenye karatasi Nyamizi aliandikiwa aseme, "Miaka minane nimekungoja, umechelewa wewe." Loisi hakuitazama karatasi. Aliitazama ile midomo ya kwenye kioo, akaingoja, akasema:

"Pita ndani. Umekula?"

Nje bajaji ilipita, na hakuna aliyesimamisha mashine.

Augustino akavua vile vipokea sauti. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya ishirini na moja ambayo haikodishwi, "Bado. Tangu mwezi wa sita."

Loisi akacheka, na kucheka kukageuka kilio, kitambaa kikateleza.

"Mtani," Augustino akasema, akimfuta machozi kwa kiganja, "mbona kichwa nusu?"

"Nusu nyingine ilikuwa inakungoja wewe."

"Nisamehe, Loisi. Nilidhani nakuletea kitu. Sikujua ninakichukua."

"Ulileta, mpenzi. Bibi kaniambia. Sisi ndio tulioangusha."

"Msigusane kwenye trei zangu!" Joha akapiga kelele kutoka nje, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

Jumapili iliyofuata walikuja Buigiri wote wawili. Augustino alivaa lile shati jeupe la madoa. Akapiga goti, "Shikamoo, bibi," nami nikamwitikia mara tatu, moja haikunitosha. Nilikuwa nimesonga ugali wa uwele, nimepika mlenda na kuku. Alikula mpaka akalegeza mkanda.

"Mnyamwezi kala mlenda wote," Loisi akasema. "Mihogo imeisha kwenu?"

"Nalipa hongo, mtani. Niache nilipe."

Tulipomaliza kunawa, nikaenda chumbani. Nikarudi na koti la kahawia na kofia. Vilikuwa vimekunjwa kama alivyovikunja yeye siku ile. Sikuwa nimevigusa.

Augustino akarudi nyuma. "Hapana, bibi. Niliapa sitafanya tena."

"Nani alikuapisha?"

"Nafsi yangu."

"Iambie nafsi yako bibi anaomba. Mtani hakataliwi kwenye msiba, na mimi msiba wangu haujaisha, ulikatishwa. Uliuliza swali pale mlangoni, mwanangu, na hakuna aliyekujibu."

Akamtazama Loisi. Loisi alikuwa amekaa kwenye mkeka, magoti amekunja upande, misuko sasa imekamilika pande zote. Akamwitikia kwa kichwa, polepole.

Jua lilikuwa bado juu, mizabibu inang'aa. Augustino akavaa koti, akavaa kofia, akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi nilijishika ukutani safari hii. Tukasikia hatua. Akasimama mlangoni, bega la kushoto limeshuka, akakohoa.

"Loi," akasema, "umekula?"

Asante Mungu, nilisema moyoni. Asante kwa mwanangu, asante na kwa huyu uliyempa sauti ya kunirudishia.

Loisi akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Akanyoosha mgongo kama alivyokuwa akifanya utotoni akiitwa na baba yake.

"Nimekula, baba," akasema. "Nimeshiba. Na huyu mpagazi aliyekuwa anakupokelea simu, baba, nataka anioe."